Jinsi ya kupima kaboni-14 kwa nyasi zilizo karibu na kiwanda cha nyuklia

Katika kiwanda cha La Hague, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika hukatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, na hapo ndipo kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi, hutoka, sehemu yake ikipanda kwenye bomba refu hadi hewani kama kaboni dayoksaidi. Nyasi za malisho huinyonya pamoja na kaboni ya kawaida. Mionzi yake ya beta ni hafifu, hivyo kipimo cha mkononi hakitakusaidia. Sampuli lazima ifike maabara.

Anza na mahali pa kulinganishia, kwani makosa mengi huzaliwa hapo. Kiwango cha asili ni takriban bekereli 226 (bekereli ni kizio cha mionzi) kwa kila kilo ya kaboni, lakini majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikaribia kukiongeza maradufu katika kizio cha kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha moshi wa makaa na petroli, usio na kaboni-14 hata chembe, ukazidi kukipunguza. Kwa hiyo usitegemee namba ya kitabuni. Kata nyasi za aina ileile, wiki ileile, makumi ya kilomita kutoka kiwandani na mbali na barabara kuu. Ukizikata kando ya magari, kiwango chake kitashuka na kiwanda kitaonekana kimechafua kuliko ilivyo kweli.

Kisha nenda karibu na kiwanda: upande ambako upepo wake huelekea zaidi, kata majani mabichi yaliyo juani, vidole vichache juu ya udongo, na uondoe yaliyokauka, maana yamebeba kaboni ya msimu uliopita. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi wenye tarehe na mahali, uyakaushe siku hiyohiyo kabla hayajaota ukungu. Rudia kila mwezi. Kiwanda hutoa gesi hata usiku, ilhali jani hunyonya mchana tu, kwa hiyo kiwango kidogo cha mwezi mmoja hakithibitishi kwamba hakuna kilichotoka.

Maabara ikupe jibu kwa kila kilo ya kaboni, si ya nyasi mbichi, kwa kuwa maji ya majani hubadilika. Kisha ondoa humo kiwango cha kulinganishia; kinachobaki ndicho kilichoongezwa na kiwanda.

Karibu na vinu vya maji yenye shinikizo, aina ya vinu vya nyuklia, ambako sehemu kubwa ya kaboni-14 hutoka kama methani isiyonyonywa na majani, nyasi pekee hazitoshi: kusanya hewa yenyewe, na methani yake igeuzwe kaboni dayoksaidi kabla ya kupimwa.