Kufundisha karatasi ya marumaru katika darasa la sanaa: mwongozo kwa walimu wa sekondari Lubumbashi

Karatasi ya marumaru hupatikana kwa kudondosha rangi juu ya maji, kuichora rangi hiyo ingali inaelea, kisha kuilaza karatasi juu yake ili mchoro wote uhamie mara moja. Wanafunzi huvutiwa na mapambo, na mwalimu naye hushawishika kuanzia hapo, ilhali kazi huamuliwa na maji na karatasi kabla ya tone la kwanza kudondoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi.

Kwanza chagua majira. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la Lubumbashi huingia kila dirisha, na kila chembe inayotua kwenye beseni hutoboa rangi na kuacha tundu jeupe kwenye karatasi. Aidha, asubuhi za Juni ni za baridi, na baridi huyafanya maji mazito kuwa mazito zaidi ya ulivyokusudia. Somo hili liwekwe kati ya Novemba na Machi, wakati vumbi limelala na mvua inajaza ndoo bure. Maji ya mvua yanafaa kuliko ya kisima, kwa sababu maji ya kisima mara nyingi ni magumu, na chokaa iliyomo huvuruga utulivu wa rangi.

Somo la kwanza lifuate njia ya Wajapani, ambao wamekuwa wakifanya wino uelee juu ya maji matupu tangu takriban karne ya 12. Njia hii, iitwayo suminagashi, haihitaji kupika chochote: beseni bapa, wino mweusi wa kuchorea, vijiti viwili, tone la sabuni ya maji na karatasi inayofyonza vinatosha. Ncha ya kijiti cha kwanza hugusishwa wino, ya pili maji yenye sabuni, na mwanafunzi hugusa maji kwa vijiti hivyo kwa zamu mahali palepale, hadi pete nyembamba zizidi kupanuka. Kisha hupuliza polepole, na pete hupinda. Kwa dakika chache darasa zima limeona jambo ambalo maelezo ya ubaoni hayawezi kulieleza, yaani kwamba sabuni hupunguza mvuto wa uso wa maji na kuusukuma wino pembeni. Mwalimu wa fizikia akialikwa siku hiyo, hatajuta.

Somo la pili linahamia kwenye maji mazito, ambayo Waturuki wameyatumia kwa karne nyingi katika sanaa yao ya ebru, iliyoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Wao hutumia utomvu wa mmea unaoota milimani, na mafundi wengine hutumia unga wa mwani wa baharini. Vyote viwili ni adimu na ghali kwetu. Wanga wa muhogo unaweza kuchukua nafasi yao darasani, mradi uwe wanga uliochujwa wala si unga wa kusongea bukari, kwa sababu unga huacha nyuzi na makapi. Koroga vijiko viwili vya mezani vya wanga katika maji baridi kidogo, mimina katika lita moja ya maji yanayochemka, endelea kukoroga hadi rangi nyeupe igeuke ya kung'aa, kisha chuja kwa kitambaa chepesi. Yapikwe jioni ya kuamkia somo na yafunikwe usiku kucha, ili mapovu yatoke na joto lilingane na la rangi zitakazotumiwa. Uzito unaofaa ni wa uji mwepesi sana: ukipitisha sindano na kuiondoa ghafla, mstari wa rangi usimame pale ulipoachwa, usirudi nyuma wala usiendelee kutiririka. Ukirudi, maji ni mazito mno, nawe utaongeza maji kidogo kidogo. Ukitiririka, ongeza wanga uliopikwa. Kwa joto letu maji haya huchacha upesi, hivyo yasiwekwe kwa wiki ijayo.

Rangi za maji za dukani au za akriliki zinafaa zikilainishwa mpaka zifanane na maziwa. Zisipotanuka zinahitaji kisaidizi, na hapa machinjio yana faida yake, kwa kuwa nyongo ya ng'ombe ndiyo iliyotumiwa na mafundi wa kale wa Uturuki na Ulaya. Pasha nyongo moto ndani ya chupa iliyosimamishwa katika sufuria ya maji, ondoa povu, chuja, kisha tia matone machache katika kila kikombe. Tone la rangi likitanuka kwa upana wa sentimita 5 hadi 8, limepata kiasi chake. Rangi inayotangulia ipewe nyongo kidogo, na kila inayofuata iongezwe, maana inapaswa kujitafutia nafasi kati ya zilizotangulia. Wanafunzi watalalamika juu ya harufu, na wana haki, fungua madirisha.

Madarasa ya juu yanaweza kujitengenezea rangi ya udongo mwekundu kwa kuukoroga katika maji mengi, kuacha mchanga utuame, kumimina maji ya juu katika chombo kingine na kuyaacha yakauke, halafu kusaga mabaki juu ya jiwe laini hadi yasikwaruze tena kati ya vidole. Udongo huo usichukuliwe karibu na viwanda vya kuyeyushia madini wala kwenye vilima vya mabaki yake, na unga wa malakiti usiingie darasani kabisa hata kama rangi yake ya kijani inatamanisha, kwa sababu ni madini ya shaba na vumbi lake ni sumu likivutwa.

Karatasi iwe isiyong'aa, na ipakwe shabu (alum) ili ishike rangi. Kijiko kimoja cha mezani cha shabu iliyosagwa huyeyushwa katika nusu lita ya maji ya moto, hupoozwa, hupakwa kwa sifongo upande mmoja tu, na upande huo hutiwa alama ya penseli kwa sababu ikishakauka hautambuliki. Shabu ina asidi ambayo huila karatasi polepole, kwa hiyo ipakwe siku ileile au jana yake.

Kulaza karatasi ndiyo hatua ambayo wengi huiharibu. Mwanafunzi ashike pembe mbili zinazokabiliana, aiteremshe pembe moja kwanza na kuiachia nyingine ifuate kwa mwendo mmoja usiokatika. Akisita, mstari utabaki pale aliposita. Akiiangusha yote kwa pamoja, hewa itanaswa na kuacha duara jeupe. Karatasi huinuliwa kwa kuikwaruza kwenye ukingo wa beseni ili iache maji mazito nyuma, husuuzwa na kutundikwa kwa vibanio. Kabla ya karatasi inayofuata, uso wa maji usafishwe kwa vipande vya gazeti. Rangi ikizama, kwa kawaida ni nzito mno. Ikikataa kutanuka ilhali mwanzoni ilitanuka, utando umejitanda juu ya maji. Ikioshwa na kutoweka, shabu haikupakwa au karatasi imegeuzwa.

Vitana vya kuchorea vinatengenezwa kwa spoku za baiskeli zilizokatwa au kwa pini zilizochomekwa katika kadibodi, na chelewa za ufagio zilizofungwa pamoja hunyunyiza vizuri kuliko brashi za dukani. Fundisha kwanza mchoro wa mawe, ambao ni matone peke yake, kisha kwenda na kurudi kwa sindano, kisha kitana. Maua na nyota ambazo Hatip Mehmed Efendi, mhubiri wa msikiti wa Ayasofya mjini Istanbul aliyefariki mwaka 1773, alizivuta kwa sindano kutoka katika matone yaliyopandana, ziachwe kwa muhula wa pili. Darasa likiwa na wanafunzi hamsini, beseni tano zinatosha ikiwa nusu yao wanapaka shabu na kukata majalada huku wengine wakichora, kisha wakabadilishana.

Ugeni wa kazi hii usiwafanye wanafunzi wadhani kwamba ufundi wa mikono hutoka mbali. Mualike mfua shaba au mchonga malakiti wa mjini, umlipe kwa muda wake, na umwombe afanye kazi badala ya kutoa hotuba. Wanafunzi waandike mikono yake inavyosonga na namna anavyojua kwamba kipande kimekwisha. Waoneshwe pia picha za karakana ya wachoraji ya Le Hangar, iliyoanzishwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji ungali unaitwa Elisabethville. Miongoni mwa wachoraji wake, Bela alipaka rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga alijenga maumbo kwa mistari iliyosongamana, Pilipili Mulongoy aliyajaza mandhari ya ndege na samaki wake kwa madoa madogo. Zoezi linalozaa matunda ni kumpa mwanafunzi karatasi yake ya marumaru iliyokauka, atafute ndani yake umbo ambalo hakulikusudia, kisha alitokeze kwa alama za mmoja wa hao watatu.

Karatasi zilizobaki zifunike madaftari. Mafundi wa Ulaya walipaka marumaru kwenye kingo za vitabu vya hesabu ili ukurasa ukichanwa mchoro ukatike na wizi ujulikane, na noti ya dola 20 iliyotolewa Marekani mwaka 1775 ilikuwa na ukingo wa marumaru ili iwe vigumu kuigiza. Katika mji wa wafanyabiashara kama wetu, habari hizi husikilizwa kwa makini.

Unapotoa alama, dai karatasi tatu, mojawapo ikiwa iliyoharibika, na aya moja inayoeleza iliharibika katika hatua gani na kwa nini. Aya hiyo ipewe alama nyingi kuliko karatasi nzuri.