Somo: Kukata mwanzo na mwisho wa filamu kwenye DCP-o-matic bila kuvuruga sauti

Wakuu, somo hili ni la wale mnaojitengenezea DCP (mfumo wa faili za filamu unaotumiwa na kumbi za sinema) kwa DCP-o-matic, ile programu ya bure. Kugeuza filamu nzima huwa hakuna shida. Kasheshe huanza pale unapotaka kuondoa rangi za majaribio za mwanzoni au giza refu la mwishoni: sauti inaachana na midomo, pengo jeusi linazuka katikati, au faili zima linatoweka. Wengi hukimbilia kubadilisha namba za kukata kumbe tatizo haliko huko. Kwa hiyo tunaanza na kupima.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa kitu

Cheza dakika za mwanzo na umwangalie mtu anayeongea, au mlango unaobamizwa. Kisha ruka hadi dakika za mwisho, fanya vilevile. Kama sauti imepishana na picha kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kosa ni la kukata au la mahali faili lilipowekwa. Kama mwanzoni viko sawa na mwishoni vimeachana mbali, kosa ni la kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde), na hapo hata ukate usiku kucha havitakaa.

Hili la kasi ya fremu linatukuta sana sisi. Umeme wetu ni wa Hz 50, ndiyo maana wengi tunarekodi fremu 25 kwa sekunde ili taa zisimeteke kwenye picha. DCP iliyo salama kupeleka ukumbi wowote ni ya fremu 24. Ukichagua 24, programu haitupi fremu hata moja: inazicheza zote kwa mwendo wa 24 na kuinyoosha sauti iendane nazo. Filamu ya dakika 90 ina fremu 135,000. Kwa 24 kwa sekunde, hizo zinachukua dakika 93 na sekunde 45. Tukio lililokuwa dakika ya 1 kamili linahamia 00:01:02:12 (saa:dakika:sekunde:fremu). Ndiyo sababu nasema usinakili namba kutoka programu ya kuhariri ukazibandika huku.

Hatua ya 2: Hakikisha kila faili linajua kasi yake

Fungua kichupo cha Timing. Video hujieleza yenyewe, lakini WAV (faili la sauti) na SRT (faili la manukuu, yale maandishi ya chini ya picha) hazina fremu ndani yake, kwa hiyo angalia pale palipoandikwa "Video frame rate". Kama sauti ilichanganywa kwa picha ya 25, pasomeke 25. Video usiiguse isipokuwa programu imeisoma vibaya.

Hatua ya 3: Kata vyote kwa pamoja

Video, WAV na manukuu ni vitu vitatu tofauti machoni pa programu. Ukikata video peke yake, vingine vinabaki palepale. Vichague vyote kwenye orodha, sogeza kiashiria hadi fremu ya kwanza unayoitaka, ukienda fremu moja moja, kisha bonyeza "Trim up to current position". Mwishoni tumia "Trim from current position to end". Macho yako yaamue, programu ifanye hesabu.

Kama faili lina ule mlio wa fremu moja unaolia sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza, utumie kupatanisha sauti na picha kabla ya kukata. Ukishaukata, kipimo chako bora kimekwenda nao.

Hatua ya 4: Kagua kilichotoka

Fungua faili la CPL (orodha ya vipande vinavyounda DCP) kwa programu yoyote ya maandishi. Pale penye Duration utaona idadi ya fremu, na EditRate itaonyesha kasi. Duration ya picha na ya sauti kwenye rili moja (kipande kimoja cha DCP) ziwe sawa. Halafu icheze kwa DCP-o-matic Player, mwanzo na mwisho, usiishie kwenye namba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, filamu yangu inaishia 01:20:00:00. Nimeandika hivyo kwenye "Trim from end" na filamu imebaki vipande vya mwanzo tu.

Jibu: Kisanduku hicho hakiulizi filamu iishie wapi. Kinauliza uondoe kiasi gani kutoka mkiani. Umeiambia ikate saa 1 na dakika 20, nayo imekata. Rudisha sifuri zote, kisha tumia kitufe cha hatua ya 3.

Swali: Nina faili mbili zinazofuatana. Nimekata mkia wa la kwanza, sasa kuna giza katikati.

Jibu: La pili limebaki kwenye nafasi yake ya zamani. Fungua taimulaini ulivute hadi ligusane na la kwanza. Na kama unagawa rili kwa kufuata faili za video, usiache kipande cha chini ya sekunde 1. Viwango vya DCP haviruhusu rili fupi hivyo, na seva inaweza kuikataa.

Swali: Nimepewa DCP iliyokamilika, nataka kuondoa nembo ya mwanzoni tu. Ubora hautashuka?

Jibu: Iingize kama faili jingine lolote. Ukikata bila kubadilisha ukubwa wa picha, kasi wala rangi, na bila kuchoma manukuu juu yake, fremu za JPEG 2000 (aina ya picha inayotumika ndani ya DCP) hupita kama zilivyo. Kama imefungwa kwa usimbaji, omba kwanza KDM (faili la ufunguo) ya kompyuta yako kwa mwenye filamu.

Swali: Video ya simu, nimeikata kwa ffmpeg (programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri) kwa "-c copy" ili kuokoa muda. Imeanza mapema kuliko nilipotaka, na sauti inaachana na picha taratibu.

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, ndugu yangu. "-c copy" haifungui picha, kwa hiyo kata yako huangukia kwenye fremu kuu (keyframe, picha iliyohifadhiwa nzima) iliyo nyuma ya pale ulipotaka. Na simu nyingi hurekodi kasi inayopanda na kushuka. Rudi kwenye faili asilia, uifanye kasi iwe moja kwanza:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 3 -c:a pcm_s24le safi.mov

Faili litakuwa kubwa sana, tenga nafasi kwenye diski. Liingize hilo kwenye DCP-o-matic, ukatie humo humo.