Ruaha kwa siku moja ukitokea Iringa: panga hivi usije ukala vumbi bure

Kamwene wakuu. Naulizwa sana kama Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inaendeka kwa siku moja, kwenda na kurudi, na kwa vile kazi yangu ni kuendesha wageni huko najibu hapa mara moja. Inaendeka, ila ukubali kwamba hauendi kuiona hifadhi yote. Tangu walipoiunganisha na pori la akiba la Usangu mwaka 2008 ina kilomita za mraba kama 20,000, kubwa kuliko Serengeti, hapa nchini inazidiwa na Nyerere tu, sasa wewe na masaa kumi yako unataka umalize nini? Wageni wanaotoka wamenuna ni wale walioshinda wanakimbizana na simba toka asubuhi, na wanaotoka wanacheka ni wale waliochagua kipande kimoja cha mto wakatulia nacho. Hiyo ndo siri yenyewe, mengine yote hapa chini ni namna ya kuifanya iwezekane.

Hatua ya 1: mwezi

Nenda kati ya Julai na Oktoba. Huku kwetu masika ni moja tu, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na mvua ikinyesha maji yako kila mahali, majani marefu, wanyama wanatawanyika porini na njia nyingine zinakuwa tope tupu. Kwa mtu wa ndege mvua ni nzuri sana, simkatazi, ila kwa siku moja na watoto wanaotaka tembo subiri kiangazi. Kiangazi kikikolea maji yanabaki sehemu chache na mnyama hana ujanja, lazima aje pale. Hata mto Ruaha Mkuu wenyewe siku hizi unakauka, toka mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka kipindi cha kiangazi kwa sababu maji mengi yanachepushwa huko juu kwenye mashamba ya Usangu, yanabaki madimbwi ambayo viboko na mamba wanabanana humo humo. Inasikitisha kwa kweli, ila ndo hali ilivyo na ukienda utaiona mwenyewe.

Hatua ya 2: unalala wapi usiku wa kuamkia safari

Hapa ndo siku inapatikana au inapotea. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, na toka Iringa mjini mpaka getini piga masaa matatu, gari ikiwa nzima na dereva ana akili. Kwahiyo una njia mbili. Ya kwanza uondoke Iringa saa 9 usiku, ambayo naifanya nikilazimika ila siipendi, giza lile la vijijini linakuwa na ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na watu wanaotoka kwenye pombe. Ya pili ulale Tungamalenga, kijiji kiko jirani kabisa na hifadhi na nyumba za wageni zipo, unaamka saa 10 na nusu kama mtu wa kawaida. Bei ya chumba utailipa lakini utaiokoa kwenye mwili. Wenye watoto msijiulize mara mbili, laleni Tungamalenga.

Anayetoka Mbeya asijidanganye kwamba ataamka Mbeya aende Ruaha kupitia Iringa arudi siku hiyo hiyo. Toka Mbeya mpaka Iringa peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Njoo Iringa siku moja kabla, lala, kula, ndo uanze hesabu.

Na njiani mtapita Kalenga, pale penye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Kila mtu akiona kibao anataka kushuka. Hapana, si leo. Kalenga ni karibu na mjini, iwekee siku yake.

Hatua ya 3: gari

Noah zinafika, nimeziona, lakini sikushauri. Shida siyo tu kukwama, shida ni kimo. Ukikaa chini unatazama majani, mwenzako kwenye Land Cruiser iliyofunguliwa paa anamtazama chui. Changeni watu sita saba mkodi gari moja ya juu, mkigawana inakuja bei ya kawaida. Kabla hujatoa hela angalia vitu vitatu kwa macho yako: spea tairi zina upepo, jeki ipo na inafanya kazi, na tanki limejaa mafuta ya kwenda, kuzunguka na kurudi. Jaza Iringa. Mafuta ya kwenye chupa kule vijijini yapo ila usiyaweke kwenye mpango.

Halafu uongee na dereva mapema, mwambie kabisa "kaka, sisi hatutaki kukimbizana, tunataka kukaa mtoni". Usipomwambia atadhani unataka uone kila kitu, maana wateja wengi ndo wanavyotaka.

Hatua ya 4: karatasi na malipo

Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA au pasipoti, bila hivyo watajuaje kama wewe ni wa bei ya mwananchi? Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, siyo ya keshi, ni kadi au simu kwa kontrol namba, kwahiyo hela iwe tayari kwenye simu kabla hujaondoka mjini, maana huko mbele mtandao unakuja na kuondoka. Na gari nalo lina kiingilio chake, watu wanalisahau hilo halafu wanaanza kuchangishana getini wakati jua linapanda.

Hatua ya 5: cha kuvaa na cha kubeba

Asubuhi Iringa ya Julai unajua yenyewe, sweta mpaka masikioni, halafu unashuka bondeni saa 4 jua linakuchoma, kwahiyo vaa nguo za kuvua moja moja. Rangi ni muhimu: acha bluu iliyokolea na nyeusi nyumbani. Mbung'o, wale nzi wanaouma, wanazipenda hizo rangi, ndo maana utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini, ile ni mitego yao. Dawa za kupaka haziwasumbui sana. Wako wengi kwenye miti minene na wanafuata gari linalotembea, ukifika sehemu hiyo funga vioo upite, huko mtoni kweupe wanapungua.

Maji mengi, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019, tumia kikapu. Darubini moja kwa gari zima ni bora kuliko simu saba za kamera nzuri.

Hatua ya 6: ndani, na hapa tulieni

Ukishalipa unavuka daraja la Ibuguziwa. Simameni kidogo hapo, viboko wako chini yenu, ila dakika kumi zinatosha, msimalizie asubuhi darajani. Nyoosheni kuelekea Msembe, makao makuu ya hifadhi, halafu mfuate njia za kando ya mto mpaka Mwagusi. Hicho kipande ndo siku yenu. Jongomero, sijui wapi huko mbali, waachieni wanaolala ndani.

Kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 4 ndo muda wa wanyama wawindaji, simba wanakuwa bado hawajalala. Lakini usitafute simba, tafuta wanaomwogopa. Angalia swala pala: wakiwa wanakula huku na huku hakuna kitu, ila ukikuta kundi zima limesimama wima, masikio mbele, wote wanatazama upande mmoja na mmoja anakoroma kwa puani, zima gari. Twiga naye ni mnara, anaona mbali, akigandisha macho sehemu na wewe gandisha. Tai wakiwa wametulia juu ya mti asubuhi asubuhi, chini pengine kuna mzoga. Dereva anayejua haya hana haja ya kuuliza kila gari "mmeona nini".

Ikifika saa 4 watu wengi wanakata tamaa wanasema wanyama wamelala. Ndo muda wenu wa Mwagusi. Ule ni mto wa mchanga, kiangazi juu hauna tone lakini maji yapo chini, na tembo wanajua. Paki kivulini, zima injini, kaeni kimya hata saa nzima. Tembo mkubwa anakuja anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anachimba, anaingiza mkonga karibu wote, maji ya kwanza yenye tope anayatapika pembeni, anasubiri yajichuje, halafu ndo anakunywa taratibu. Mdogo anajaribu kuingiza mkonga wake shimoni anasukumwa. Akishiba akiondoka, nyani wanateremka mbio kwenye shimo, swala pala nyuma yao, na ukiwa na bahati tandala mkubwa na pembe zake za kuzunguka anatokea vichakani. Hayo yote umeyapata bila kuchoma hata lita moja ya mafuta.

Mibuyu mtaiona imechubuliwa magamba, nayo ni kazi ya tembo, wanatafuna maganda wakati majani yameisha.

Hatua ya 7: kula, choo, masharti

Kuleni Msembe au sehemu iliyoruhusiwa kushuka, na hapo hapo ndo mwende choo, porini hakuna kushuka hata kama hamuoni kitu. Chakula kiwe mkononi au kimefungwa, nyani wa pale hawabishi hodi. Spidi mwisho 50, ila ukienda 50 kando ya mto hauoni kitu, nenda 20.

Hatua ya 8: kutoka

Saa 9 alasiri geuzeni pole pole kwa njia ile ile ya mto, jua limelala upande mwingine na mtaona vitu vipya. Saa 11 muwe mnakaribia darajani, kwa sababu geti linafungwa jioni na ukimkuta simba saa 11 na nusu kilomita 20 kutoka getini utaanza kukimbiza gari, hapo ndo matairi yanapasuka. Ukishatoka getini mpe dereva chai na nusu saa ya kunyoosha mgongo kabla ya kuanza zile kilomita za giza, na mmoja wenu akae mbele asilale, ampigie stori mpaka Kalenga.