Krugerrand ya prufu au ya kawaida? Hesabu meno ya ukingoni

Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ya wakia moja, iwe ya prufu (iliyopigwa kwa uangalifu kwa ajili ya wakusanyaji) au ya kawaida ya kuwekeza, ina uzito uleule: gramu 33.93. Ni dhahabu ya karati 22, yaani gramu 31.10 za dhahabu safi na zilizobaki ni shaba. Kwa hiyo mizani itakusaidia kumbaini tapeli, lakini haitakuambia kama sarafu ni ya prufu. Anayelipa bei ya prufu analipia namna ilivyopigwa chapa, wala hapati dhahabu zaidi.

Anza na ukingo. Ya prufu ina meno (mistari midogo iliyochongwa kuzunguka ukingo) 220, ya kawaida 160. Huna haja ya kuyahesabu yote: chukua lenzi ya sonara, bandika kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita 1 kwenye meza, laza sarafu nyuma yake, kisha hesabu meno yanayoangukia ndani ya upana huo. Ukipata kama 21, ni prufu. 15 au 16, ni ya kawaida. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea jino moja hupotei. Kwenye nusu wakia mwanya unapungua (185 kwa 150), hivyo hapo zungusha sarafu uhesabu sehemu mbili tatu. Kwa robo wakia na ndogo zaidi, usitegemee ukingo peke yake.

Halafu tazama uso, chini ya taa moja, huku ukiinamisha sarafu polepole. Prufu hupigwa zaidi ya mara moja kwa chapa zilizong'arishwa, kwa hiyo uwanja (sehemu tupu isiyo na picha) huwa kama kioo, na picha za swala upande mmoja na kichwa cha Kruger, rais wa zamani, upande wa pili huonekana vimefifia kama vyenye ukungu. Kingo za herufi ni kali.

Hapa ndipo wengi huliwa. Sarafu ya kawaida iliyosuguliwa kwa mashine nayo hung'aa, ila mng'ao wake hupanda hadi juu ya herufi, pembe za herufi zinakuwa butu, na lenzi itaonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Kinyume chake, prufu iliyoshikwashikwa hupoteza ukungu ule na kuuzwa kama ya kawaida. Meno yake hayabadiliki.

Sanduku la mbao na cheti havithibitishi kitu, vyote huhamishika. Sarafu ikiwa ndani ya kasha dogo la plastiki, hesabu meno kupitia ubavu wake. Ukilazimika kuitoa, shika ukingo tu: alama ya kidole kwenye uwanja wa prufu hushusha bei, na kuifuta kwa kitambaa kunaongeza hasara.

Kwa American Eagle, sarafu ya dhahabu ya Marekani, njia ni tofauti: prufu ya wakia moja ina herufi W (alama ya kiwanda cha West Point), ya kawaida haina. Lakini tangu 2006 kuna toleo lisilo prufu lenye W pia, na mwaka 1999 W iliponyoka kwenye baadhi ya sarafu za kawaida za dola 5 na 10. Huko herufi bila uso wa kioo haitoshi.