Kutoka PlayStation kwenda laptopu ya gemu: somo kwa sisi wa Pwani

Assalaam aleikum, wapenzi wa gemu. Tangu niuze PlayStation 4 yangu hapa Malindi nikanunua laptopu, sipiti Maweni bila kijana kunisimamisha: "Kaka, nichukue ipi?" Leo nayaweka yote hapa.

Hatua ya kwanza, jua unachokiacha. CD zako hazitachezeka kwenye laptopu, na gemu nyingi ulizolipia utazinunua upya. Kwa upande mwingine, kucheza mtandaoni hakutakudai PlayStation Plus, ule usajili wa kulipia, na eFootball ni ya bure huko pia. Pedi ya PS4 usiiuze. Ichomeke kwa waya wa USB au iunganishe kwa Bluetooth, na Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu kwenye kompyuta, itaitambua.

Hatua ya pili ni kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani kinachochora gemu kwenye skrini, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Muuzaji atakutajia jina tu: "RTX 4060 hii, bosi." Jina halitoshi! RTX 4060 ya laptopu hupewa nguvu kuanzia wati 35 hadi 115, kila mtengenezaji na uamuzi wake. Laptopu mbili zina stika ileile, moja inakimbia, nyingine inajikokota.

Mimi nilichukua nyembamba, inang'aa, katika duka moja la Mombasa. Dakika kumi za mwanzo raha tupu. Kufika kipindi cha pili, wachezaji wakaanza kugandaganda, feni zinalia, vidole vinaungua juu ya herufi W. Ilikuwa mwisho wa Machi, kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Kadi ilikuwa inajipunguza nguvu isiungue. Niliumia sana, maana ile ilikuwa akiba ya mwaka mzima.

Kwa hivyo, kabla hujalipa, chaja ichomekwe, ufungue paneli ya NVIDIA (programu ya watengenezaji wa kadi hizi za RTX), uingie kwenye taarifa za mfumo na usome wati za juu za kadi. Kisha cheza nusu saa palepale dukani. Wakikukatalia, ondoka. Weka kiganja kwenye matundu ya nyuma na ubavuni: hewa ya moto ikitoka kwa kasi, hiyo inapumua. Moto ukibaki kwenye kibodi na matundu yako kimya, irudishe mezani.

Angalia pia kumbukumbu ya kadi yenyewe. GB 8 ni nzuri, 6 inavumilika, 4 usiiguse kwa gemu mpya.

Yaliyobaki ni mepesi. RAM, kumbukumbu ya kazi ya laptopu yenyewe, GB 16, afadhali vipande viwili vya 8 kuliko kimoja. SSD, yaani hifadhi ya gemu zako, ya TB 1 ukijaliwa, kwani gemu moja tu yaweza kupita GB 100. Skrini ya 1080p (ukali wa picha) yenye Hz 144 (mara inazobadili picha kwa sekunde) yatosha.

Maswali ya wanachama

Wa Langoni, Lamu: Kaka, stima ikipotea nitamaliza mechi?

Jibu: Haitazimika kama PlayStation, lakini ikitegemea betri kadi hushushwa nguvu na mchezo utakuwa mzito. Hifadhi ulipofika, usubiri. Na ukivuka nayo kwa boti kutoka Mokowe, itie kwenye mfuko usioingiza maji, uipakate mwenyewe.

Mama wa Shela: Mwanangu, kijana wangu anaingia chuo mwakani. Hiyo moja itamfaa kwa masomo pia?

Jibu: Shikamoo mama. Itamfaa sana, ila nyingi hupita kilo 2 na chaja zake ni nzito. Akae karibu na soketi darasani, maana betri zake huisha mapema.

Wa Malindi: Nyumba yetu iko ufuoni. Chumvi je?

Jibu: Ndugu yangu, iondoe kwenye dirisha linaloelekea bahari, na usiiache wazi usiku. Usichezee kitandani, godoro huziba matundu ya chini. Yangu ya sasa naiinua nyuma kwa vipande viwili vya mbao nilivyoomba kwa seremala, na vumbi la feni nalipuliza kila baada ya miezi mitatu.