Dhoruba Ikikata Umeme: Ya Kufanya Nyumbani na ya Kudai Nje

Dhoruba ikianza, taa nyingi hucheza kabla ya kuzimika kabisa: zinazima, zinawaka, zinazima tena, zinawaka, halafu giza. Ukiona hivyo ujue kule kwenye laini kuna swichi inayojirudisha yenyewe. Tawi likigusa waya, swichi inakata, inasubiri sekunde chache, kisha inarudisha umeme kupima kama tawi limeshadondoka. Hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita tu, kwa hiyo jaribio hilo huwapunguzia mafundi safari nyingi. Ikijaribu mara mbili tatu na tatizo liko palepale, inabaki imekata hadi mtu aje.

Kwako wewe, kucheza kwa taa kuna maana mbili. Kwanza, ni wakati wa kuchomoa vifaa. Pili, waya uliolala chini unaweza kupata umeme tena bila mtu yeyote kugusa kitu, hata kama mtaa mzima una giza.

Kuchomoa ni kutoa plagi kabisa. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu mwanya uliomo ndani yake ni wa milimita chache na radi huuruka bila shida. Toa friji, televisheni pamoja na waya wa antena, kompyuta, ruta na pampu. Hita ya maji na kiyoyozi kilichofungwa moja kwa moja, shusha breka zake kwenye boksi. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa, ndiyo itakayokuambia umeme umerudi. Ila kazi hii ifanywe mapema. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Hapo acha plagi na nyaya zote kama zilivyo.

Maji, chakula na dawa

Kama maji yako yanategemea pampu, jaza vyombo kabla upepo haujaanza. Hesabu angalau lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kwa siku 3, na ya kupikia na usafi uyaweke kando. Maji usiyoyaamini yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa mahali palipo juu ya mita 2,000.

Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo maana inafaa kuziba nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, kila chupa ikiachiwa nafasi juu kwa sababu barafu hutanuka. Kuna kipimo kimoja kinachosaidia sana mtu asiyekuwepo nyumbani: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, basi kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, hata kama sasa kinaonekana kigumu kama jiwe. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, tupa. Usionje kwanza. Vijidudu vinavyoleta sumu si lazima vibadilishe harufu wala ladha.

Insulini iliyofunguliwa kwa kawaida hukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina. Soma karatasi yake leo, usisubiri giza. Usiilaze juu ya barafu, kwani ikiganda imeharibika. Nyumba yenye mgonjwa wa mashine ya oksijeni inahitaji mtungi wa akiba na mahali pa kukimbilia palipopangwa kabla.

Hesabu ya betri

Watu wengi hununua betri kwa kukisia, halafu usiku wa pili wanabaki gizani. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi (12 mara 100). Ukiitumia zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo hesabu 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, nayo hula asilimia 10 hadi 15. Zinabaki kama 500 za uhakika. Sasa zigawe: taa 4 za LED za wati 5 kwa saa 6 ni 120, ruta ya wati 10 kwa saa 12 ni 120, simu 3 ni kama 45, feni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Jumla 485, na betri imekwisha. Friji haimo, na isiwemo, maana nyingi hula wati-saa 1,000 au zaidi kwa siku, na kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Simu iweke kwenye hali ya kuokoa chaji na utume ujumbe mfupi badala ya kupiga. Minara ya simu nayo inaishi kwa betri, na baada ya saa kadhaa mingine huanza kuzima. Mishumaa iache kabisa ukiwa na taa yoyote ya kuchaji. Nyumba huungua wakati wa giza kwa sababu ya mshumaa uliosahaulika karibu na pazia.

Jenereta

Hapa ndipo watu wanapokufa, na wanakufa baada ya dhoruba kupita. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa ndani ya chumba hutoa hewa hiyohiyo. Weka jenereta nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi ikielekea mbali na milango na madirisha, yako na ya jirani. Baraza au gereji yenye mlango wazi si nje. Ikinyesha, ikinge kwa paa lisilo na kuta. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, wote tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kosa la pili ni waya wenye plagi ncha zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili jenereta iwashe nyumba nzima. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 hufanya kazi pande zote mbili. Umeme wako ukitoka nje kupitia mita, unapandishwa tena kuwa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anashika waya anaoamini umekufa. Funga swichi ya kubadilishia, ile isiyoweza kuunganisha jenereta na laini kwa wakati mmoja, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Huna swichi hiyo? Chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ukiwa umekunjuliwa wote, maana uliozungushwa kwenye rili hupata joto hadi kuyeyuka. Kabla ya kuongeza petroli, zima injini na uiache dakika 15 ipoe.

Kwa sababu hiyohiyo, sola iliyounganishwa na laini bila betri hujizima laini ikikatika. Haijaharibika, inamlinda fundi.

Waya ukiwa chini

Kaa angalau mita 10 mbali na uwazuie wengine. Ukijikuta karibu nao, usitembee kwa hatua ndefu. Ardhi yenyewe ina umeme unaopungua kadiri unavyoenda mbali, na mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, umeme hupanda huu na kushukia ule. Buruta nyayo zikiwa zimegusana hadi utoke. Waya ukiangukia gari, kaeni ndani mpaka laini izimwe.

Umeme ukirudi

Subiri dakika 10 hadi 15. Mtaa mzima friji zimepata joto, zote zinaanza pamoja, volti zinashuka na laini inaweza kukatika tena. Kompresa ikianzishwa kwa volti ndogo inashindwa kuzunguka, inavuta ampia nyingi na kuunguza koili yake. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme dakika chache na kukata volti zikizidi au kupungua, ni cha bei nafuu kuliko kompresa.

Iangalie ile taa moja uliyoiacha. Ikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au taa za chumba kimoja zikawa kali huku za kingine zikififia, shusha swichi kuu mara moja. Huenda waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme kwenye transfoma, umekatika nje, na soketi yako ya volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400. Hali hiyo huua vifaa vingi kwa dakika chache. Kama maji yalifika kwenye soketi, usiwashe chochote hadi fundi apime. Na kama unasimama kwenye maji, usiguse hata swichi kuu.

Kudai miundombinu

Maandalizi ya nyumbani yanakupa saa 48 hivi. Baada ya hapo muda wa giza unaamuliwa na hali ya nguzo na laini, na mara nyingi uliamuliwa miaka kabla ya dhoruba. Mafundi huanza na laini kuu na vituo vya kupoza umeme, kisha njia zinazolisha hospitali na pampu za maji, halafu matawi, na mwisho nyumba mojamoja. Mtaa unaolishwa kwa njia moja tu hauna pa kugeukia njia hiyo ikianguka. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa cha Puerto Rico huko Karibi Septemba 2017, mitambo mingi ilikuwa kusini na watumiaji wengi kaskazini, nyaya zikipita milimani katikati. Baadhi ya nyumba zilikaa miezi mingi gizani.

Pita mtaani kwako kabla ya msimu wa mvua ukiwa na daftari. Nguzo ya mbao huoza pale inapoingia ardhini, kwa sababu pana unyevu na hewa pamoja. Juu inaweza kuonekana nzima. Andika namba za nguzo zilizoinama, stei (nyaya za kushikilia nguzo) zilizolegea, matawi yanayogusa nyaya na transfoma ambazo waya wake wa ardhi umekatwa. Usipande, usikate tawi mwenyewe. Piga picha ukiwa mbali.

Kisha weka kumbukumbu ya kila katizo: tarehe, saa lilipoanza, saa lilipoisha, hali ya hewa, namba ya transfoma. Ukijumlisha idadi na saa za mwaka mzima, unapata vipimo vilevile ambavyo mashirika ya umeme hupimwa navyo, na unaweza kuvilinganisha na takwimu wanazotangaza.

Dai vitu vinavyotajika: ukataji matawi kwa ratiba, ukaguzi wa nguzo kwenye kitako, nyaya zilizofunikwa mahali penye miti, kinga za radi kwenye transfoma, njia ya pili ya kulisha mtaa, na sola yenye betri kwenye zahanati na pampu ya maji. Kufukia nyaya ardhini kunazuia upepo, lakini gharama yake ni mara kadhaa ya nguzo na hitilafu yake huchukua muda kuipata, kwa hiyo kuombwe kwa vipande vifupi vya muhimu. Orodha iende na sahihi za majirani miezi miwili mitatu kabla ya mvua, kwani nguzo huagizwa na laini lazima izimwe ili ibadilishwe. Ombeni namba ya kumbukumbu ya barua na tarehe ya ukaguzi, kwa maandishi.