Jinsi ya kufunga deksamethasoni kwenye chembe nano ili seli shina zitengeneze mfupa

Kuna chalii wa bodaboda pale Tengeru, Arusha, ananibebaga karibu kila asubuhi, mguu wake una vyuma tangu apate ajali, na kila nikishuka lazima aulize "dada, ile dawa ya mfupa imeshaiva?" Namwambia bado kaka, hii ni ya kwenye sahani za maabara tu, hamna mtu wa kuchomwa. Na nyie mnaosoma shikeni hilo kabla hatujaanza.

Deksamethasoni ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), mtu akiimeza muda mrefu inamla mifupa. Ila hiyohiyo ukizipa seli shina za uboho (seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka aina nyingine) nanomola 100, yani kama nanogramu 39 tu kwa mililita, pamoja na vitamini C na beta-gliserofosfeti (inazipa seli fosfeti), zinageuka kuwa seli za mfupa. Ipandishe hadi mikromola 1 uchanganye na insulini na mazagazaga mengine, zinageuka mafuta! Kwahiyo ishu ni dozi, na chembe nano (vipunje vidogo mno visivyoonekana kwa macho) kazi yake ni kuiachia dawa kidogo kidogo pale pale seli zilipo.

Maji kwanza. Usithubutu kutumia ya bomba. Floraidi ya huku mnaijua, meno yetu yanajieleza, sehemu nyingi kuzunguka Meru inapita ile miligramu 1.5 kwa lita ya WHO, na floraidi yenyewe inaamsha seli za mfupa, sasa utajuaje kama ni dawa yako au ni maji ya Arusha? Kuchemsha hakusaidii, unapunguza maji floraidi inabaki. Tumia yaliyokenekwa. Na kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) hakikisha joto limefika nyuzi 121, usiangalie presha tu, tuko kama mita 1,400 juu ya bahari geji inaweza ikakudanganya.

Haya, chukua kitosani (inatokana na maganda ya kamba na kaa) miligramu 10, weka kwenye mililita 10 za maji yenye asidi ya asetiki asilimia 1, acha mashine ya sumaku ikoroge usiku kucha. Asubuhi pandisha pH ifike kama 5 kwa kutonesha sodiamu haidroksaidi, halafu chuja. Pembeni yeyusha tripolifosfeti (chumvi ya kuifunga kitosani iwe chembe) miligramu 1 kwa kila mililita, na humo humo weka deksamethasoni ya fosfeti, ile inayoyeyuka kwenye maji. Zote mbili zina chaji hasi, kitosani ina chaji chanya, ndo maana zinakumbatiana.

Hapa kwenye kuchanganya ndo watu wanaharibu, mimi nikiwa wa kwanza. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika katika nikaona nimalizane nayo, nikamimina tripolifosfeti yote kwa mpigo, aisee ikakatika kama maziwa yaliyochacha, mabonge yanaelea nikamwaga kila kitu. Unatakiwa utoneshe, mililita 2.5 tu, tone tone, huku inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Inua bika uangalie kwenye mwanga wa dirisha, maji yanaanza kuwa na ukungu wa bluu kwa mbali kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele yaliyozimuliwa. Ukiona hivyo acha ikoroge nusu saa nyingine. Ukiona cheupe kizito kimetua chini, anza upya tu usijidanganye.

Kisha sentrifyuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi chembe zitue chini. Yale maji ya juu usimwage, pima yananyonya kiasi gani cha mwanga wa nanomita 242, dawa utakayoikuta humo ndo ile iliyokataa kuingia, toa kwenye uliyoweka utajua umefunga kiasi gani.

Usafi: chembe zako zikiwa na nanomita 200 hivi, kichujio cha mikroni 0.22 kitazinasa nyingi, kwahiyo chuja vimiminika kabla ya kuchanganya na kazi yote ifanyie kwenye kabati safi. Halafu zikiingia kwenye chakula cha seli chenye pH 7.4 kitosani inapoteza chaji na kuanza kushikana, zitumie siku hiyohiyo.

Kwenye sahani panga vishimo hivi: seli zenye chembe za dawa, zenye chembe tupu, zenye dawa bila chembe, zisizo na kitu, na kishimo kimoja kisicho na seli kabisa. Hicho cha mwisho watu wanakiruka. Siku ya 21 ukipaka alizarini nyekundu (rangi inayoshika kalsiamu, pH kama 4.2) kalsiamu inawaka nyekundu, unapiga picha unafurahi, kumbe beta-gliserofosfeti ikizidi kalsiamu inaweza kujitua yenyewe bila seli hata moja. Kishimo kitupu kikiwa chekundu kama vingine, usimpigie simu msimamizi wako, rudi kwenye chakula cha seli upime upya.